Pedi na diski za breki: mimi napima, sisubiri kelele

"Fundi, hizi pedi zinatembea kilomita ngapi?" Hakuna swali ninaloulizwa sana gereji kuliko hilo, na jibu langu huwaudhi wengi kwa sababu halina namba. Chukua gari mbili za aina moja, zimefungwa pedi za duka moja. Moja inashinda kwenye foleni ya Mbagala kila siku ya kazi, nyingine inakaa hapa Morogoro na kwenda Dodoma mwisho wa mwezi. Ile ya Mbagala inaweza kukanyagwa breki asubuhi moja mara nyingi kuliko mwenzake kwenye safari nzima. Anayekutajia kilomita bila kufungua gurudumu anabahatisha tu.

Wengine husubiri mlio. Wana sababu yao: pedi nyingi zina kibati kidogo kilichopinda pembeni, na nyama ya pedi, yaani ile sehemu inayosugua diski, ikibaki kama milimita 2 kibati hicho hugusa diski na kulia kwa sauti nyembamba, kali. Kimewekwa makusudi. Lakini pedi nyingi za bei nafuu hazina hicho kibati kabisa, au kimewekwa kwenye pedi moja tu ya kila gurudumu, na ikiwa pedi nyingine ndiyo inayoisha kwanza hutasikia kitu. Halafu kuna milio isiyo na maana yoyote. Gari lililolala nje Tanga au Bagamoyo huamka na kutu nyembamba juu ya diski, na breki mbili tatu za kwanza zinakwaruza kisha kimya. Hiyo iache. Vumbi nalo hulia, na pedi ngumu hulia zikiwa mpya kabisa.

Mlio usiobishaniwa ni ule wa chuma kusaga chuma, unaoendelea mpaka gari lisimame. Hapo nyama imekwisha na bati la mgongo wa pedi linakula diski. Ulikuwa ununue pedi peke yake, sasa utanunua na diski.

Kwa hiyo mimi napima. Pedi mpya ya gari dogo huwa na nyama ya milimita 10 hadi 12, bila kuhesabu bati. Ikifika 3 nabadilisha, na hapo ndipo ubishi huanza: "Lakini fundi, si bado ipo?" Ipo, ndiyo. Ila ile nyama ina kazi mbili. Ya kwanza ni kushika diski, ya pili ni kuzuia joto la diski lisiende kwenye pistoni ya kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) na kuingia kwenye mafuta ya breki. Pedi ya milimita 3 bado inashika vizuri ukiwa mjini. Tatizo ni joto. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya lazima yahimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa, na kipimo cha chini kwa yaliyokwisha kunyonya unyevu ni nyuzi 140 tu. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hubonyea. Unakanyaga pedali, inazama hadi chini, gari haliitikii. Ndiyo maana mtu anaweza kushuka Kitonga na breki zikafeli, kisha gari likipoa fundi akakanyaga akasema mbona ziko sawa.

Na kwa kuwa nimetaja Kitonga: mteremko ule hushukwa kwa gia ndogo. Magari mengi ya otomatiki yana 2 au L, na Toyota Aqua au Prius ina B kwa kazi hiyo hiyo. Ukishuka na D huku mguu uko juu ya breki tangu juu hadi chini, hata pedi mpya zitanuka.

Nyama ya pedi unaweza kuichungulia kwa tochi ya simu kupitia matundu ya rimu, lakini unachoona hapo ni pedi ya nje. Kwenye kalipa za gari zetu nyingi pistoni iko upande wa ndani, na kalipa yenyewe huteleza juu ya pini mbili ili ivute pedi ya nje. Pini zikikauka grisi au zikashika kutu, kalipa haitelezi, na pedi ya ndani inabaki kufanya kazi karibu peke yake. Nimefungua magurudumu mengi ambayo pedi ya nje ina milimita 7 na ya ndani imebaki bati. Mwenye gari alichungulia, akaridhika, akaondoka. Kila unapobadilisha oili ya injini, mwombe fundi avue magurudumu ya mbele uone pedi zote nne. Zikitofautiana sana unene, au moja ikiisha kimshazari, usikubali kufungiwa pedi mpya kabla pini hazijatolewa, zikasafishwa na kupakwa grisi ya breki inayohimili joto. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira wa pini.

Kichupa cha mafuta ya breki nacho kinasema. Pedi zikilika, pistoni husogea mbele na mafuta hushuka taratibu, hadi siku taa nyekundu ya breki inawaka ukikata kona. Wengi huongeza mafuta, taa inazima, wanafurahi. Kagua pedi kwanza, kisha kama bado zina nyama tafuta panapovuja.

Sasa diski, ambazo watu huzisahau kabisa. Pedi hubadilishwa mara tatu, mara nne, diski ni ile ile iliyokuja na gari kutoka Japani. Ilhali diski nayo inalika, na kiwango chake cha mwisho kimeandikwa juu yake: tafuta MIN TH na namba ya milimita, imegongwa pembeni au kwenye kifuniko cha katikati. Kutu ikiwa nyingi, piga brashi ya waya utaiona. Tofauti kati ya diski mpya na iliyofika mwisho mara nyingi ni milimita 2 hivi tu, pande zote mbili zikijumlishwa. Kwa hiyo jicho halitoshi. Vernia ya kawaida pia hudanganya, maana ukingo wa nje wa diski haufikiwi na pedi, unabaki mnene kama ngazi, na meno ya vernia hukaa juu ya ukingo huo. Kama huna maikromita, weka sarafu moja kila upande ndani ya eneo linalosuguliwa, pima vyote kwa pamoja, kisha toa unene wa sarafu mbili.

Chini ya MIN TH hakuna mjadala. Diski nyembamba haina chuma cha kutosha kupokea joto, na pistoni hutoka nje kuliko ilivyokusudiwa. Pia natupa diski yenye ufa unaofika ukingoni, hata kama unene wake unatosha. Mistari midogo ya juu juu ambayo kucha haikwami hainisumbui.

Usukani kutetemeka ukikanyaga breki kutoka mwendo wa 100 ndiko kunakouza diski nyingi bila sababu. Utaambiwa "diski imepinda". Mara nyingi haijapinda. Unene wake hautoshani, sehemu moja imelika kuliko nyingine, au nyama ya pedi imegandia mahali pamoja. Na chanzo mara kwa mara ni kutu kati ya diski na habu (kitovu ambacho diski na gurudumu hufungwa), au nati za gurudumu zilizokazwa bila mpangilio. Diski ikikaa upande kwa sehemu ndogo tu ya milimita, kila mzunguko inagusa pedi pale pale, na baada ya kilomita elfu kadhaa mtetemo unaanza. Ukifunga diski mpya juu ya habu ile ile yenye kutu, utarudi gereji na malalamiko yale yale. Wanaomwaga maji baridi kwenye rimu gari likiwa limetoka barabarani moto nao wanajitafutia nyufa.

Kuchonga diski kwenye mashine sikatai, mradi ukishachonga ibaki juu ya MIN TH na ziada ya kulika. Diski iliyobakiza nusu milimita ukiichonga unalipia kazi ya kuiharibu. Na zote mbili za mhimili mmoja zichongwe au zibadilishwe pamoja, vivyo hivyo pedi, la sivyo gari litavuta upande.

Dukani, kwa mfano pale Gerezani Kariakoo, usiishie kwenye boksi. Angalia mgongo au ubavu wa pedi. Utakuta herufi mbili kama FF au GG: ya kwanza inaonyesha ushikaji pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa moto sana. E iko chini ya F, na F chini ya G. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu kiasi gani, lakini herufi ya pili ikiwa chini kuliko ya kwanza, mimi siifungi kwenye gari linalopanda Lushoto. Pedi iliyolowa mafuta ya breki au grisi usiioshe kwa petroli wala kuipiga msasa ukairudisha. Itupe.

Fundi akishafunga, kabla gari halijasogea hata hatua moja, pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu, kwa sababu pistoni zimerudishwa nyuma na ukanyagaji wa kwanza hauna breki. Kisha tafuta barabara tupu: toka kilomita 50 kwa saa, punguza hadi 20 bila kusimama kabisa, rudia kama mara kumi ukiacha nafasi ya kupoa. Siku chache za mwanzo epuka breki za ghafla kama hakuna dharura. Na pedi za zamani zidai uondoke nazo, zikiwa zimepangwa ya ndani na ya nje kwa kila gurudumu, uone mwenyewe ipi iliisha kwanza.