Kukopa juu ya kesi ya ajali Marekani: hesabu miezi kwanza

Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili wa kesi za ajali hapa Minnesota, na wateja wetu waswahili, madereva na wale wa kazi za kutunza wazee, wakishakaa miezi kadhaa bila mshahara lazima waulize: eti kuna kampuni zinatoa hela kabla kesi haijaisha? Zipo.

Unajaza fomu, kampuni inampigia wakili wako, inaomba ripoti ya polisi, karatasi za hospitali na kiwango cha bima ya aliyekugonga. Krediti yako, yaani rekodi yako ya kulipa madeni, hawana habari nayo, wanaangalia kesi. Ikiwa na uzito wanakupa kipande tu, mara nyingi asilimia 10 mpaka 20 ya wanachodhani utalipwa, na ukishindwa kesi hudaiwi hata senti. Ndo maana wenyewe hawapendi kuuita mkopo, wanasema wamenunua sehemu ya fidia yako, ujanja wa kukwepa sheria za riba huo. Colorado Mahakama ya Juu iliwakatalia 2015 ikasema huo ni mkopo, na Arkansas mwaka huohuo wakaweka kikomo cha asilimia 17 kwa mwaka. Huku kwetu mikataba hii haikukubalika kisheria mpaka 2020 mahakama ilipoifungulia mlango.

Sasa hesabu. Tuseme umechukua dola 5,000 kwa asilimia 3 kwa mwezi, inasikika ndogo eeh, lakini ni riba juu ya riba na kesi imechukua miaka miwili, unadaiwa 10,164, na hapo sijaweka ada ya kufungua faili ambayo nayo wanaitupia kwenye deni inazaa riba. Bima imelipa 30,000, wakili anachukua theluthi yake 10,000, gharama za kesi 1,000, hospitali 6,000, ukitoa na hilo deni unabaki na 2,836. Kwa mgongo uliovunjika!

Hapo ndo balaa lingine linaanza, inakuja ofa nzuri kabisa mteja anaikataa kwa sababu akilipa deni habaki na kitu, kesi inasogea mbele, riba nayo haijalala.

Kwa hiyo ukisoma mkataba wao usiishie ukurasa wenye kiasi unachopewa, funua mpaka kwenye jedwali la tarehe na deni. Angalia kama wanahesabu kwa mwezi au kwa vipande vya miezi sita, manake wapo ambao ukimaliza kesi mwezi wa saba wanakuchaji mpaka wa kumi na mbili.

Na kabla ya yote muulize wakili kuhusu bima ya gari lako mwenyewe. Hapa Minnesota kwa kawaida inakulipa asilimia 85 ya mshahara uliopoteza, mwisho dola 500 kwa wiki, hata kama kosa ni lako, na watu wanakaa na hiyo haki hawajui. Ikishindikana kabisa, chukua ya kodi ya nyumba tu, usichukue yote waliyokuwekea mezani, na chukua kesi ikiwa imekaribia mwisho.

Hela ikitoka haipiti mkononi mwako kwanza, inaingia akaunti ya amana ya wakili na kampuni inakatiwa chake hukohuko. Kabla hajawaandikia cheki mwambie awaombe wapunguze. Fidia ikiwa ndogo, mara nyingine wanakubali.