Maktaba ya mkoa si ya wanafunzi peke yao

Hapa Mtwara, na Lindi vilevile, imezoeleka kusemwa kwamba maktaba ya mkoa ni ya wanafunzi. Mtu mzima akiingia anaonekana kapotea njia. Dhana hii ni ya siku nyingi, na inatunyima haki yetu.

Sheria iliyoanzisha Bodi ya Huduma za Maktaba ni ya 1963, na ilimlenga mwananchi yeyote. Tena, mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kilichofuata kiligusa mkoa wetu moja kwa moja: Masasi ikawa miongoni mwa wilaya sita zilizotakiwa kutangulia kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Walioshika kalamu wakati ule walikuwa wakulima na mama zetu, na maktaba za vijijini zilianzishwa kwa ajili yao.

Ni kweli, mitihani ikikaribia viti vingi hukaliwa na wanafunzi. Lakini tazama rafu. Vitabu hupangwa kwa namba za somo: 630 ni kilimo, 634 ni miti ya matunda. Mkulima wa korosho anayehangaika na ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, aanzie hapo. Asipoona kitu, amuulize mkutubi, ndiyo kazi yake. Wengine hufuata magazeti tu, nao wanakaribishwa.

Kuazima kitabu ukaondoka nacho ni jambo jingine: lazima ujiandikishe uanachama kwanza. Watu wazima wana uanachama wao, watoto wao.