Upotevu wa njia: kukadiria wimbi la masafa mafupi kutoka Mombasa hadi London

Upotevu wa njia ni nguvu inayoliishia wimbi la redio tangu litoke kwenye antena ya mtumaji hadi lifike kwenye antena ya mpokeaji. Hupimwa kwa desibeli (dB). Zikipotea dB 10, inabaki sehemu moja ya kumi ya nguvu. Zikipotea 20, inabaki moja ya mia.

Tuseme mtu yuko Nyali, Mombasa, na mtambo wa kutuma wa wati 100, anataka kusikika London kwa masafa (idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde) ya megahezi 15. Umbali ni kama kilomita 7,200. Hesabu ya kwanza ni ya kutawanyika kwa wimbi: chukua 32.45, ongeza mara 20 ya logi (logariti ya msingi wa 10) ya masafa kwa megahezi, kisha mara 20 ya logi ya umbali kwa kilomita. Jibu ni dB 133. Wimbi hupanda na kushuka, kwa hiyo safari yake ni ndefu kidogo kuliko hiyo, lakini nyongeza haifiki hata dB 1. Wengi huogopa umbali bure: ukiuzidisha mara mbili, unaongeza dB 6 tu.

Kinachoua wimbi mchana, kwa kunyonya nguvu yake, ni tabaka la D la ayonosfia (sehemu ya juu ya angahewa yenye chembe za umeme), lililo kati ya kilomita 60 na 90 juu yetu. Kinacholirudisha wimbi duniani ni tabaka la F2, juu zaidi, na mruko mmoja (kupanda hadi F2 na kurudi ardhini) hauvuki sana kilomita 4,000. Kwa hiyo London inahitaji miruko miwili, na kila mruko unalipenya tabaka la D mara mbili, wakati wa kupanda na wa kushuka. Jumla mara nne. Unyonyaji huo hupungua kwa takriban kipeo cha pili cha masafa, masafa yakipanda: ikiwa adhuhuri megahezi 15 zinapoteza dB 10, megahezi 7.5 zitapoteza karibu 40. Jua likizama tabaka la D hufifia, na masafa ya chini yanapata nafasi. Tena usiku F2 nayo hudhoofika, masafa ya juu yakaipenya na kutokomea angani. Hapo hesabu yote haina kazi.

Kati ya miruko miwili wimbi hugusa ardhi, na kwa njia hii hugusa karibu na Kufra, kwenye jangwa la kusini-mashariki mwa Libya. Mchanga mkavu ni kiakisi dhaifu. Njia ya makadirio ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) huweka dB 2 kwa kila mguso wa kati ya miruko. Anayetuma kuelekea Mumbai ana bahati zaidi, maana wimbi lake hugusa Bahari ya Hindi, na maji ya chumvi huakisi vizuri mno.

Tukijumlisha 133, 10 na 2 tunapata dB 145. Wati 100 zinabaki kama theluthi moja ya sehemu ya trilioni ya wati, bila kuhesabu faida ya antena (nguvu inayoongezeka antena ikielekeza wimbi upande mmoja). Ni kidogo, lakini redio nzuri huisikia bila taabu. Kinachoamua mwishowe ni kelele za umeme upande wa mpokeaji: chaja mbovu au taa za LED za bei rahisi jirani zinaweza kuifunika kabisa ishara hiyo. Kwa hiyo makadirio ya upotevu peke yake hayatoshi. Yalinganishe na kelele za mahali unapopokelea, kwa masafa yaleyale na saa ileile.