Uraka wa Jioni, Zamu ya Alfajiri: Upimaji wa Vilevi kwa Wafanyakazi wa Viwanja vya Ndege

Msimu wa mabibo ukifika, uraka, yaani pombe ya mabibo, hupatikana kwa wingi kusini mwa Tanzania, kuanzia Newala na Tandahimba hadi Nachingwea. Kwa anayeingia zamu alfajiri katika Uwanja wa Ndege wa Mtwara, kikombe cha jioni kina hesabu yake. ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, linamkataza rubani, fundi au mwongoza ndege kutumia leseni yake akiwa ameathiriwa na kilevi, na orodha yake ya vilevi inaanza na pombe, si bangi wala kokeini. Kahawa na tumbaku zimeachwa nje.

Mwili hupunguza takriban miligramu 15 za kilevi cha pombe kwa saa katika kila mililita 100 za damu. Aliyekuwa na miligramu 150 saa 5 usiku, ikifika saa 12 asubuhi bado ana kama 45. Nchini Marekani, miligramu 40 tu zinatosha kuhesabiwa ameshindwa kipimo. Kahawa, ndimu au kuoga maji baridi havibadilishi hesabu hii. Gongo ni mbaya zaidi: huwezi kupiga hesabu ya kitu ambacho hata mpishi wake hajui ukali wake.

Pombe hupimwa kwa pumzi, na jibu linaonyesha hali ya mtu saa hiyo hiyo. Kipimo cha mkojo, kinachotafuta dawa za kulevya, ni tofauti. Bangi hujificha kwenye mafuta ya mwili. Mvutaji wa kila siku anaweza kukutwa nayo hata baada ya wiki kadhaa, akiwa timamu kabisa. Hivyo anayesema “nilivuta likizo, si kazini” huenda anasema kweli, na bado jibu likabaki lile lile.

Ubishi mwingi huzuka pale mkojo unapochukuliwa. Katika utaratibu wa Marekani zinahitajika angalau mililita 45, na joto lake husomwa ndani ya dakika 4: liwe kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Mkojo wa kuazima uliofichwa mfukoni mara nyingi hunaswa hapo. Maji ya choo hutiwa rangi ya buluu ili yasichotwe. Mililita 30 huingia chupa ya kwanza na 15 ya pili, mbele ya macho ya mwenyewe. Kisha chupa hufungwa kwa lakiri naye atie herufi za jina lake. Usikubali chupa ikafungwe chumba cha pili. Na ukinywa maji ndoo nzima ili “kusafisha”, maabara itaona mkojo umezimuliwa, na unaweza kuitwa kutoa mwingine.

Kipimo cha awali huweza kudanganyika. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, katika baadhi ya vipimo husomeka kama afyuni. Ndiyo maana jibu la awali halitoshi kumwondoa mtu kazini moja kwa moja: maabara hurudia kwa mashine inayotambua kemikali yenyewe, kisha daktari mhakiki humuuliza mhusika anatumia dawa gani. Hapo ndipo cheti cha dawa kinapofaa. Dawa ya kikohozi yenye kodeini au vidonge vya tramadoli vilivyonunuliwa bila cheti havina wa kuvitetea. Piriton haitafutwi kwenye kipimo hiki, lakini inasinziza. Mweleze daktari wa usafiri wa anga kabla ya kushika zamu.

Waajiri nao wana kosa lao. Kipimo cha makundi matano kinachouzwa sana hutafuta bangi, kokeini, afyuni, amfetamini na fensaiklidini, kilevi kinachojulikana Marekani kama PCP. Hakikuundwa kutafuta mirungi, ambayo ni haramu nchini, wala diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Anayenunua kikasha hicho peke yake anapima matatizo ya Marekani.

Asiyeridhika na jibu, katika utaratibu huo wa Marekani, ana saa 72 tangu aarifiwe kuomba chupa ya pili ipelekwe maabara nyingine.