Si kila mkojo mchafu ni UTI

Juzi nimeletewa tena mtoto wa miaka 7 aliyekwisha kunywa dozi mbili za antibayotiki. Uso umevimba, macho hayafunguki vizuri asubuhi, mkojo rangi ya chai iliyokolea. "Daktari, wamesema ni UTI sugu," mama yake akaniambia, yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyopona. Nikapandisha suruali ya mtoto: miguu imejaa makovu mabichi ya upele uliotunga usaha mwezi uliopita. Presha iko juu.

Hiyo ni glomerulonefritisi ya baada ya streptokoka, yaani uvimbe wa vichujio vya figo unaofuata maambukizi ya bakteria aitwaye streptokoka. Watu wanadhani bakteria hawezi kuumiza figo mpaka aingie ndani yake. Huyu aliishia kwenye ngozi. Kingamwili zilizopambana naye ndizo zilizonasa kwenye vichujio vya figo na kuvivimbisha. Baada ya maambukizi ya koo hupita wiki 1 hadi 2, baada ya vidonda vya ngozi wiki 3 hadi 6, na kufikia hapo mzazi amekwisha kuusahau upele.

Kinachoniudhi ni kijiti cha kupimia mkojo. Kikionyesha damu na chembe nyeupe, cheti kinaandikwa UTI na safari imeishia hapo. Jamani, vichujio vikivimba navyo hutoa chembe nyeupe, bila mdudu hata mmoja kwenye mkojo! Chukueni mkojo mbichi, uzungusheni kwenye mashine, mashapo yawekwe chini ya hadubini papo hapo. Mkiona chembe nyekundu zilizoharibika umbo, au zilizoshikamana kama kijibomba, yaani kasti, damu hiyo imetoka kwenye figo. Mkojo ukishinda mezani kasti huvunjika, majibu yakarudi "hazikuonekana". Kichocho nacho huleta damu, ila mara nyingi ni nyekundu na huja mwishoni mwa kukojoa.

ASO, kipimo cha damu cha kingamwili za streptokoka, msiitegemee peke yake. Baada ya vidonda vya ngozi mara nyingi haipandi. C3, protini ya kinga iliyomo kwenye damu, hushuka, kisha hurudi kawaida kwa wiki 6 hadi 8. Isiporudi, naanza kuutilia shaka uamuzi wangu mwenyewe na kufikiria biopsi, yaani kuchukua kipande kidogo cha figo kukipima.

Penisilini nilimpa ili kumaliza bakteria waliobaki, lakini haitibu figo. Kilichomsaidia ni kupunguza chumvi na maji, furosemaidi (dawa ya kukojoza), na kushusha presha kabla degedege halijaanza.

Mdogo wake analala naye kitanda kimoja, ana upele uleule, na mkojo wake ni safi. Kwa nini mmoja augue na mwingine asalimike, sijapata maelezo yanayoniridhisha. Nimeomba arudishwe kila wiki apimwe mkojo na presha, na watu wote wa nyumbani wapakwe dawa ya upele siku moja.