Usiung'oe Mshubiri Ili Tuutambue

Kila mishubiri inapochanua, wakazi wa Malindi hutuletea mimea iliyong'olewa na kutiwa guniani, wakitaka kujua kama ni spishi mpya. Tunathamini moyo huo. Lakini mmea usiojulikana ulikoota hauna thamani ya ushahidi, na porini tayari umepungua mmoja. Kwa Euphorbia tanaensis, mti wa jamii ya mnyaa wa msitu wa Witu, Lamu, ambayo miti yake iliyokomaa ni ya kuhesabika, mmoja ni mwingi.

Majani mekundu si ushahidi wa spishi mpya, tumelisema hili mara nyingi. Mshubiri ukipigwa na jua na ukame huwa mwekundu. Uhamishie kivulini, umwagilie, utarudi kijani. Tena mishubiri ya aina mbili ikiota jirani huzaa chotara kwa urahisi. Kwa hiyo tunapima mimea kadhaa ya mahali pamoja: urefu wa ua kwa milimita, idadi ya miiba katika sentimita 10 za ukingo wa jani, matawi ya shina la maua, rangi ya utomvu ukiwa mbichi na ukikauka. Kisha tunalinganisha na spishi zenye majina, kama Aloe rabaiensis iliyoelezwa na mtaalamu wa mimea Rendle mwaka 1895. Mingi tunayoletewa huonekana kuwa ya spishi hizo zilizokwisha kujulikana.

Kukausha sampuli ndiko kunakoharibu kazi. Jani nene halifi kwa kubanwa tu. Laweza kukaa hai wiki kadhaa ndani ya magazeti, likaendelea kukua au likaoza, na kwa unyevu wa pwani ukungu hauchelewi. Lipasue kwa urefu, kwangua nyama ya ndani, acha ngozi na miiba, lichovye kwenye maji yanayochemka, ndipo ulibane. Magazeti hubadilishwa kila siku. Maua machache hutiwa kwenye alkoholi ya asilimia 70, na rangi yake iandikwe kwanza kwa sababu itatoweka. Jamii ya mnyaa ina maziwa yanayochoma macho: vaa glavu.

Spishi haisajiliwi serikalini, wala aliyeiona kwanza halipwi. Mtaalamu huchapisha maelezo yake, akiteua sampuli moja iliyokaushwa kuwa kigezo cha jina na kutaja inakohifadhiwa. Tangu Januari 1, 2012, maelezo hayo yaweza kuwa ya Kilatini au Kiingereza. Ya Kiswahili pekee hayatoshi, jambo linalotuuma. Na mpya ni kwa sayansi tu, kwani huenda wazee wa kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, wana jina lake tangu zamani.

Utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya. Ndani ya hifadhi huongezwa ruhusa ya anayeisimamia. Ndani ya kaya, ya wazee. Ruhusa ya mwenye shamba haichukui nafasi ya leseni. Mishubiri yote isipokuwa Aloe vera imo katika viambatisho vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mingi katika Kiambatisho cha Pili, hivyo mmea haupelekwi nje ya nchi bila kibali. Anayekiuka anaweza kushtakiwa, na mimea kutwaliwa.

Asiye na leseni apige picha: mmea mzima, ukingo wa jani pamoja na rula, ua kwa ubavu, na udongo ulipoota. Andika tarehe na mahali. Ukiiweka picha mtandaoni, ondoa alama ya mahali, maana wezi wa mimea huifuata hiyohiyo. Mahali kamili tuambie sisi.