Baruti ya polepole: yanayosemwa vijiweni Dar na ukweli wake

Vijiweni Dar, kuanzia Magomeni hadi Tabata, hukosi mtu aliyeangalia video za Wamarekani wakijaza baruti kwenye risasi zao wenyewe mezani, na akishaona mbili tatu anageuka mtaalamu. Tuanze na la sheria lisije likamponza mtu: huku kwetu hiyo si kazi ya kufanyia stoo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni. Kwa Wamarekani ni burudani halali, yenye mizani yake na vitabu vyake vya vipimo. Ila habari hizo zikifika kijiweni zimeshapoteza nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hatari.

Wa kwanza kukosea ni yule anayesikia "baruti ya polepole" akadhani ni baruti dhaifu. Hakuna baruti ya bastola inayoungua polepole kwa macho ya binadamu. Zote humaliza kazi ndani ya milisekunde chache. Upole wake ni wa kulinganisha tu. Baruti ya haraka hupandisha presha ghafla, halafu inaishiwa. Ya polepole huendelea kutoa gesi wakati kichwa cha risasi kiko njiani, kwa hiyo kinasukumwa kwa muda mrefu zaidi bila presha kuvuka kikomo. Ndiyo maana rivolva (bastola za silinda inayozunguka) za Magnum, yaani za risasi zenye nguvu zaidi, kuanzia .357 ya Smith & Wesson ya mwaka 1935 hadi .44 iliyofuata miaka ishirini baadaye, hupata mwendo wake mkali kwa baruti za aina hii.

Sasa tufike kwenye lile kosa kubwa. Watu husema: "Kama unaogopa, punguza baruti, hapo uko salama." Jikoni ni sawa, chumvi ukiitilia shaka unapunguza. Kwa baadhi ya baruti za polepole ushauri huo unaweza kupasua mtutu. H110 na Winchester 296, ambazo kwa kweli ni baruti ileile kwenye makopo mawili tofauti, zina onyo la kampuni inayoziuza, Hodgdon: usishuke chini ya kipimo cha kitabu kwa zaidi ya asilimia 3. Baruti nyingine huruhusu kuanza asilimia 10 chini, ndiyo maana anayezoea hizo huona onyo hili kama mzaha.

Tazama kinachotokea ndani. Punje hizi ndogo za mviringo zimepakwa dawa ya kuchelewesha moto, kwa hiyo zinahitaji fataki kali (kile kidude cha kitakoni kinachogongwa na nyundo), ganda lililojaa karibu mpaka kwenye kitako cha kichwa, na mdomo wa ganda uliobanwa sawasawa ili kichwa kisitoke mapema. Ukipunguza, panabaki uwazi. Fataki inawaka, inakisukuma kichwa nje ya ganda kabla baruti haijakolea, presha inaanguka, na moto unazimika. Kichwa kinakwama katikati ya mtutu. Mpigaji anasikia mlio mdogo, "puf", anadhani risasi ni mbovu, anavuta tena. Risasi ya pili, iliyo nzima, inakutana na kizuizi: mtutu unavimba au unapasuka, na mkono uko hapohapo. Mlio ukiwa mdogo kuliko kawaida, mchezo umesimama. Silinda inafunguliwa, risasi zote zinatolewa, na mtutu unakaguliwa kabla ya jambo lingine lolote.

Wengine hujiamini kwa kusoma kitako cha ganda: fataki haijabapa, basi presha iko sawa. Dalili hiyo ilizoeleka kwenye bunduki, ambazo presha zake ni kubwa mno. Kikomo cha .357 Magnum huko Marekani ni paundi 35,000 kwa inchi ya mraba. Bunduki nyingi huvuka 50,000. Kwenye rivolva, ukisubiri fataki ibapae au ganda ling'ang'anie kwenye silinda, kikomo umeshakipita zamani.

Na hili la .38 Special, risasi ya rivolva iliyo dhaifu zaidi, kuwa "sawasawa na 357 kwa sababu kichwa kinalingana": ganda la .357 lilirefushwa milimita tatu na ushei makusudi, lisiingie kwenye bastola ya .38, ambayo kikomo chake ni takriban nusu. Kinyume chake, .38 kupigwa kwenye .357, hakuna tatizo.

Nami linalonisumbua zaidi ni la joto, maana ni letu. Watu wanaamini baruti ikizeeka inakufa. Baruti isiyo na moshi, ndiyo hii ya risasi za kisasa, ina dawa ya kuituliza, na dawa hiyo huliwa kidogo kidogo, haraka zaidi kwenye joto kama la chini ya bati Mbagala mwezi wa Februari. Ikiisha, baruti huanza kujichachua: harufu kali inayochoma pua, unga au moshi wa rangi ya kutu. Hiyo haijafa. Ikiwa nyingi mahali pamoja inaweza kujipasha moto mpaka ijiwashe yenyewe.

Kwa hiyo ukikuta risasi kwenye sanduku la marehemu babu, usizitupe jalalani wala kuzichoma na takataka za uani. Toa taarifa polisi wazifuate. Ndani ya moto risasi isiyo ndani ya silaha haichomoki kama iliyopigwa, kwa kuwa haina mtutu wa kuiongoza. Kinachoruka ni fataki na vipande vya shaba, vinavyotosha kutoboa jicho. Iliyomo kwenye silinda ni habari nyingine: ile iliyolingana na mtutu hutoka kwa nguvu zake zote bila mtu kugusa. Nyumba ikishika moto na ndani kuna bastola iliyopakiwa, zimamoto waambiwe hilo mapema, ukishapiga 114.